Jiogridi haikaushi barabara

Swali: Barabara yetu ya lami imechakaa, ina mashimo na njia za magurudumu zimetitia. Fundi anasema tukwangue lami, tutandaze jiogridi (wavu wa plastiki wa kuimarisha barabara), kisha turudishie lami hiyohiyo iliyosagwa. Mitaro anasema si lazima. Tununue jiogridi ya nguvu gani?

Jibu: Kabla ya nguvu, tafuteni maji yanaingilia wapi. Njia za magurudumu zikititia huku tope likichomoza kwenye nyufa, chini kumelowa. Jiogridi ni wavu wa matundu matupu: haizuii maji, na tope litapenya hapohapo kila lori linapopita. Kwa hiyo mitaro ni ya lazima, na uso wa barabara uinamie kando kwa asilimia 2.5 hadi 3.

Kinachoniudhi zaidi ni imani kwamba wavu ndio unaobeba magari. Mzigo unabebwa na kokoto. Zinajikita ndani ya matundu, zinashindwa kusogea pembeni, na uzito unasambaa eneo pana. Wavu uliomwagiwa chengachenga za lami hauna cha kukamata, hata mkinunua wenye nguvu maradufu. Tena lami iliyosagwa ikiwa peke yake hutambaa polepole chini ya mzigo. Isizidi nusu ya mchanganyiko. Kinachobaki kiwe kokoto mpya au zege lililopondwa, lililotolewa nondo, mbao na jasi. Zege hilo hunywa maji mengi, mnyunyizie vya kutosha kabla ya kushindilia. Lina ualkali unaoila poliesta, plastiki inayotumika kwenye baadhi ya nyavu, kwa hiyo chagueni wavu wa polipropilini.

Sehemu laini chimbeni, mjaze upya na kushindilia. Penye mfinyanzi tangulizeni kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia tope. Wavu uvutwe usiwe na mikunjo, vipande vipishane sm 30, au sm 60 na zaidi kwenye udongo laini. Lori lisikanyage wavu mtupu. Limwage kifusi likirudi nyuma juu ya tabaka lililokwisha kutandazwa, lenye unene wa sm 15 angalau, na lisigeukie hapo.

Wauzaji wa njia za mkato wamejaa, na wote hutaja bei ya wavu kabla ya kuchimba hata shimo moja la kupima udongo. Dai CBR (kipimo cha uwezo wa kubeba mzigo) ya udongo wa chini, mchanganuo wa saizi za kokoto na kipimo cha ushindiliaji kwa kila tabaka. Asiyeweza kuvitoa, usimpe hata malipo ya awali.