Jengo la matofali "lililoimarishwa" ni salama kiasi gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninakusudia kupanga duka katika jengo la zamani la matofali hapa California. Mwenye jengo anasema liliimarishwa dhidi ya matetemeko ya ardhi kwa mujibu wa kanuni za mji, nami nimeona mabamba ya chuma ukutani kwa nje. Je, hayo yanatosha kunitoa wasiwasi?

JIBU: Ndugu msomaji, mabamba hayo ni dalili njema, lakini si jibu kamili. Ukuta wa matofali usio na nondo hubeba uzito wa paa na sakafu kwa miaka mingi bila shida, ila tetemeko linapousukuma kwa ubavu unaweza kuachana na sakafu, ukaangukia nje, na paa likakosa pa kuegemea. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kuimarisha ni kuufunga ukuta huo na sakafu na paa kwa vyuma (mabamba ya nje kwa kawaida hushika ncha za vyuma hivyo), na kukishikiza kile kiukuta kinachochomoza juu ya paa, ambacho huwa hatari mno kwa wapita njia. Katika tetemeko la mwaka 1989, watu 5 walikufa jijini San Francisco, nje ya jengo, kwa kuangukiwa na matofali.

Sheria ya jimbo ya mwaka 1986 iliitaka miji iliyo katika ukanda wa hatari kubwa kuyaorodhesha majengo haya na kuweka mpango wa kupunguza hatari, lakini aina ya mpango iliachiwa kila mji. Los Angeles ilikuwa imekwisha kuwalazimisha wenye majengo kuyaimarisha tangu 1981. Miji mingine ilihimiza tu, au ikaishia kuwapa taarifa. Kwa maoni yangu huo ndio udhaifu mkubwa wa sheria hiyo, kwa kuwa "kanuni za mji" huweza kumaanisha mambo tofauti kabisa.

Basi nenda ofisi ya majengo ya mji wako, uombe kuona vibali: je, kilichofungwa ni kiukuta cha juu peke yake, au na sakafu zote? Mabamba pekee si ushahidi, kwani mengine ni ya tangu jengo lilipojengwa. Hata kazi ikiwa kamili, lengo lake ni watu watoke hai. Jengo lenyewe huenda likabomolewa baada ya tetemeko, hivyo mkataba wako wa upangaji useme wazi nani atabeba hasara lisipoweza kutumika tena.