Chaki, sokwe na askofu: maswali yenu kuhusu Huxley

Tangu nimtaje Thomas Henry Huxley (1825–1895), Mwingereza aliyeitwa "mbwa wa Darwin" kwa jinsi alivyoitetea nadharia ya mageuzi ya viumbe, maswali hayajakatika. Haya machache.

Shikamoo Mwalimu. Mimi si mtu wa sayansi. Nianze na andiko lipi? (Seremala, Tanga)

Marahaba. Anza na hotuba kuhusu kipande cha chaki, aliyowapa wafanyakazi wa Norwich, mji wa Uingereza, mwaka 1868. Seremala mwenzio yumo, na chaki yake mfukoni! Huxley anaanza na kisima: chimba chini ya mji ule, utakuta mwamba mweupe wa chaki. Anachukua kipande chembamba, anakitazama kwa hadubini, na humo mna magamba ya viumbe vidogo vya baharini. Kisha anakuletea matope yaliyozolewa kilindini Atlantiki wakati wa kupima njia ya waya wa telegrafu. Magamba ni yale yale. Kumbe Norwich ilikuwa sakafu ya bahari! Mwishoni anafika kwa mamba wa kale: ama kila aina iliumbwa peke yake, ama imetokana na iliyoitangulia. Chagueni, anasema, mimi nimekwisha chagua. (Chaki ya ubaoni siku hizi mara nyingi ni jasi, usihangaike kutafuta magamba humo.)

Ni kweli alimwambia askofu ni afadhali babu yake awe sokwe?

Ilikuwa Oxford, 30 Juni 1860, kwenye mjadala kuhusu nadharia ya Darwin, na askofu ni Samuel Wilberforce. Hakuna aliyenakili majibizano neno kwa neno, hivyo kila msimulizi ana lake. Huxley mwenyewe aliandika Septemba hiyo kwamba afadhali babu sokwe kuliko mtu mwenye kipawa anayekitumia kuleta mzaha katika mjadala mzito. Kisa kitamu, lakini kimevifunika vitabu vyake.

Mtu huyu si alikuwa mbaguzi? Sisi Waafrika tumsome wa nini? (Mwanafunzi, Kisumu)

Alikuwa. Katika insha ya 1865 anapinga utumwa wa Marekani, na papo hapo anadai kuwa mtu mweusi wa kawaida hamfikii mzungu wa kawaida. Ushahidi hana, yeye aliyekuwa akiwadai wengine ushahidi kila kukicha. Simtetei. Lakini soma pia kitabu chake cha 1863 kuhusu nafasi ya mwanadamu katika maumbile, miaka 8 kabla Darwin hajachapisha kitabu chake juu ya asili ya binadamu. Kinaanza na habari za Kongo zilizochapishwa 1598 kutoka kwa baharia Mreno, kisha kinalinganisha mifupa, meno na ubongo, na kuonyesha kuwa gorila yuko karibu zaidi na binadamu kuliko alivyo karibu na nyani wa ngazi ya chini. Ubaguzi wake haukutoka kwenye mifupa ile.

Neno "agnostiki" ni lake?

Ndiyo, alilitunga 1869. Kwake halikuwa kumkana Mungu, bali kutodai kujua usichoweza kuthibitisha.

Bosi wangu husema Darwin alifundisha "mwenye nguvu mpishe". Huxley angekubali?

Angekataa katakata. Katika hotuba ya Oxford mwaka 1893 alisema maadili yanapingana na mashindano ya mwituni. Mwaka uliofuata akaongeza mfano wa bustani yenye ukuta: mtunza bustani anang'oa magugu na kuilinda mimea isiyoweza kujitetea, akiondoka, pori linarudi. Mwulize bosi wako yeye ni mtunza bustani au gugu. Kwa adabu, na baada ya mshahara kuingia.