Mvua Haijakatika, Mtoto Ana Mafua: Nikimbie Lini?

Mwezi wa Juni mnaniuliza namna ya kuongeza kasi. Ikifika Oktoba mnaniuliza namna ya kutoka tu nyumbani. Nimechukua maswali matano.

Gari la shule huwachukua watoto wangu wawili saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mume wangu hurudi saa tatu usiku. Zamani nilikimbia jioni, lakini sasa kila nikifunga kamba za raba mvua inashuka. Niamke saa tisa? (Mama wawili, Mukono)

Hapana, dada. Saa tisa ni ya wezi na mbwa, na usingizi utakaoukata ndio unaokukinga na mafua yanayoletwa na watoto hao hao.

Wanaoishi Ulaya wana udhuru wa giza. Sisi wa ikweta jua letu ni lile lile: mwaka mzima kuchomoza kwake Kampala hakupishani hata dakika 40. Kinachotusumbua ni mawingu na ratiba. Mawingu nayo yana tabia zake. Ndani ya nchi mvua hupenda alasiri, ilhali kando ya ziwa, Entebbe na Ggaba, ngurumo nyingi huja usiku wa manane hadi asubuhi. Wewe uko katikati, kwa hiyo andika kwa wiki mbili saa ambazo mvua inanyesha kwako, ndipo uchague.

Mimi ningejaribu hivi. Gari likishaondoka usirudi kitandani, na simu iache ilipo. Kunywa chai, osha vyombo, na kukipambazuka vizuri toka kwa dakika 25. Mara mbili kwa wiki yatosha. Mbio ndefu iwe Jumamosi, na hapo ndipo mzee wa nyumba anapoingia. Usimwambie "nataka kukimbia kidogo". Mwambie "Jumamosi saa moja mpaka saa mbili na nusu watoto ni wako, na uji uko kwenye chupa." Sisi wanaume tunaelewa saa kuliko tunavyoelewa hamu. Mama watoto wangu aliandika saa zake kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, na mpaka leo sijathubutu kuzigusa.

Mvua ya kawaida haikuzuii. Radi inakuzuia. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani ya nyumba, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mwembe si mahali pa kujificha.

Nilipimwa malaria Jumatatu, nimemaliza dawa jana. Mwili hauumi tena. Naweza kurudi barabarani kesho? Wenzangu wa klabu wananiacha. (Kijana wa Tororo)

Waache wakuache.

Nakwambia kama mtu aliyewahi kujidanganya. Miaka kadhaa iliyopita nilimaliza vidonge vyangu vya Coartem, dozi zote sita ndani ya siku tatu, nikajiona mzima. Asubuhi iliyofuata nikakimbia kilomita 12 kupanda na kushuka vilima vya Kampala. Jioni nilikuwa kwenye dripu, na mke wangu ameketi pembeni bila kusema neno, jambo ambalo kwa mke wangu ni baya kuliko kelele.

Homa kuisha si mwili kupona. Vimelea vya malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na hizo ndizo zinazobeba hewa kwenda kwenye misuli. Mwili unahitaji wiki kadhaa kuzitengeneza upya, ndiyo maana mlima uliokuwa ukiupanda ukipiga soga sasa utakukata pumzi. Tena malaria huweza kuvimbisha wengu, kile kiungo kilicho upande wa kushoto chini ya mbavu. Wengu uliovimba unaweza kupasuka kwa pigo au mkazo, ingawa si mara nyingi. Ukisikia maumivu au uzito upande huo, usikimbie, usicheze mpira, nenda ukaonwe.

Kama huna dalili yoyote, wiki ya kwanza tembea tu. Hesabu mapigo ya moyo kila asubuhi kabla hujatoka kitandani. Yakiwa juu ya kawaida yako kwa kumi au zaidi, siku hiyo ni ya kupumzika. Wiki ya pili changanya kutembea na kukimbia polepole. Homa ikirudi, rudi kituo cha afya ukapimwe, usinunue dawa dukani kwa kukisia. Na siku ulizokosa usizilipe. Mbio hazina riba.

Mafua tu, bila homa: nikimbie? (Baba, Jinja)

Yakiwa puani na kooni, kimbia taratibu ukitaka. Yakishuka kifuani, au mwili ukiuma, au homa ikiwepo hata kidogo, kaa nyumbani. Kuna virusi vinavyoweza kuugusa msuli wa moyo, na moyo huo ukisukumwa kwa nguvu unaweza kudhurika. Halafu usimpumulie mtoto mchanga.

Binti yangu ni muuguzi Winnipeg, Kanada. Anasema anakimbia nje kwenye theluji! Ana pumu tangu utotoni. Mapafu hayagandi? (Mama, Mbale)

Hayagandi, mama. Pua na koo huipasha hewa joto kabla haijafika chini. Tatizo ni kwamba hewa ya baridi ni kavu, na ukavu huo huweza kuamsha pumu. Afunike mdomo na pua kwa skafu, aanze polepole, awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni mwa ndani. Kama kifua kinambana kila akitoka, amwone daktari.

Akitoka mlangoni ajisikie baridi kidogo. Akiwa na joto tangu mwanzo, atatoka jasho, na jasho ndilo litakalomgandisha. Baridi ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, upepo ukihesabiwa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Siku hiyo akimbie ndani. Kwenye barafu hatua ziwe fupi. Desemba kule mchana ni wa saa nane hivi, kwa hiyo akitoka zamu ya usiku avae nguo ya kung'aa. Mpigie simu, lakini usimkataze. Baridi ya peke yake ugenini huuma zaidi mtu akijifungia ndani.

Nilijisajili kukimbia kilomita 42 Kampala mwezi wa Novemba. Mama yangu ameanguka, yuko kitandani Kapchorwa, mimi ndiye ninayemgeuza na kumlisha. Nimekimbia mara tatu tu mwezi mzima. Niache? (Jina limehifadhiwa)

Pole sana, ndugu yangu. Acha zile 42. Omba wakubadilishie uende 10, na wakikataa, fulana itabaki kuwa fulana. Marathoni juu ya usiku usiolala itakulaza kitanda cha pili nyumba ile ile.

Uko Kapchorwa, kwa hiyo jirani zako wanamfahamu Stephen Kiprotich, aliyeleta dhahabu ya marathoni kutoka London mwaka 2012, ya kwanza kwa Uganda kwenye Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Kiprotich huyo alikosa shule miaka mitatu utotoni kwa sababu ya ugonjwa. Mwezi mmoja wako si kitu.

Mtafute shangazi au jirani wa kukaa na mama nusu saa, mara mbili kwa wiki, siku zile zile, ili mama naye azizoee. Usikimbie mbali: zunguka pale ambapo ukiitwa unasikia. Ukirudi umelowa, jaza magazeti ndani ya raba uziache barazani. Usizianike juu ya sigiri, gundi huachia.