Dhahabu mbili za Olimpiki, halafu unapigwa pambano la kwanza la kulipwa

Kona ya vitasa: mnauliza, tunajibu

SWALI: Shikamoo mzee. Huku kwetu kuna ubishi umefika mbali mpaka watu wamewekeana soda. Mimi nasema Robeisy Ramirez, yule Mcuba mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, haiwezekani akawa alipigwa pambano lake la kwanza la kulipwa, jamaa wanasema kapigwa tena na mtu asiye na jina. Nani anunue soda? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Nunua wewe, tena uwanunulie na karanga.

Ilikuwa Agosti 2019 pale Philadelphia, pambano la raundi nne tu. Ramirez kaingia ulingoni ana dhahabu ya London 2012 uzito wa flai, aliichukua akiwa na miaka 18, na ya Rio 2016 uzito wa bantam ambayo kwenye fainali alimpiga Shakur Stevenson, na Stevenson baadaye akaja kuwa bingwa wa dunia. Upande wa pili kawekwa Adan Gonzales, kijana anayejitafuta, rekodi yake ina kupoteza ina sare, mtu wa kuwekwa pale ili staa aonekane vizuri. Kengele imelia, watu bado wanatafuta viti, Mcuba yuko chini. Akaamka akahesabiwa akaendelea, ila mwisho majaji wawili wakampa Gonzales, mmoja akampa Ramirez, biashara ikaisha hapo.

Sasa watu wengi wanasema alidharau, wengine wanasema bahati. Mimi naona tatizo ni hesabu, fuatilia hapa taratibu. Ngumi za ridhaa, yaani zisizo za kulipwa, unapigana raundi tatu za dakika tatu, jumla dakika tisa, na kumwangusha mtu hakukupi pointi ya ziada, inahesabika kama ngumi nyingine yoyote nzuri. Kulipwa anayeshinda raundi anapewa 10 na mwenzake 9, ila ukiangushwa raundi inaenda 10 kwa 8. Kwenye pambano la raundi nne ukishaanguka ya kwanza maana yake ni lazima ushinde zote tatu zilizobaki ndo utoke na 38 kwa 37, ukiteleza hata moja tu umekwisha. Mtu aliyekulia ridhaa kichwani hana hiyo hesabu, yeye anaamka anasema haya tuendelee, anarudi kwenye mwendo wake ule ule wa kugusa na kuondoka, anadhani bado yuko sawa kumbe anakimbiza basi lililoshaondoka stendi.

Halafu angalia miguu. Ukipata ile video usiangalie mikono, angalia visigino. Bondia wa ridhaa wa kiwango kile visigino havigusi chini, anaingia anatupa mbili tatu anatoka, kwa sababu kwa miaka mingi (mpaka 2013) majaji wa ridhaa walikuwa wanabonyeza vitufe na ngumi ikigusa sawasawa ni pointi iwe nzito iwe nyepesi. Ngumi ya mtu aliyesimama kwa vidole vya miguu haina uzito. Kulipwa unatakiwa ukanyage, kisigino kishuke, kiuno kizunguke, ngumi iumize, maana usipomuumiza anakuja tu anakuja tu mpaka pumzi inakuisha. Lakini ukikanyaga na wewe unakuwa karibu, unapigika, na hapo ndo mabondia wengi wa medali wanapopata shida kwa sababu hawajazoea kukaa pale kati.

Ramirez alijifunza. Akaenda kwa Ismael Salas, Mcuba mwenzake anayefundisha Las Vegas, Julai 2020 akarudiana na Gonzales ukumbi hauna mashabiki sababu ya korona, akashinda kwa majaji wote watatu. Aprili 2023 akampiga Isaac Dogboe wa Ghana akachukua mkanda wa WBO, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, uzito wa manyoya. Desemba mwaka huo huo ukaondoka, na jinsi ulivyoondoka ndo utaelewa ninachosema: alimwangusha Rafael Espinoza raundi ya tano watu wakajua kazi imeisha, afu yeye mwenyewe akaangushwa raundi ya 12. Raundi ya 12! Huko ridhaa watu wameshaoga wamelala.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mdogo wangu yuko timu ya ngumi ya jeshi, ana medali za taifa na alishasafiri nje na timu. Sasa kuna promota kamfuata, anataka aanzie moja kwa moja pambano la raundi nane na mtu mwenye mapambano zaidi ya ishirini, anasema kwa kipaji chake raundi nne ni kumpotezea muda. Dogo ameshakubali kichwani. Mama hataki hata kusikia. Nishauri. Dada mtu, Temeke

JIBU: Salama dada yangu. Mama ana hoja, japo najua hatumii maneno ninayotumia mimi.

Promota anaangalia usiku mmoja. Anataka tiketi, anataka jina la kijana wa medali kwenye bango, na kama dogo akipigwa yeye atamtangaza yule aliyempiga, hapotezi kitu. Simsemi vibaya, ndo biashara yake. Lakini wewe uliza mtu mwenye raundi nane kwenye miguu yake kazipataje. Bondia wa ridhaa amezoea kumaliza petroli yote ndani ya dakika tisa, raundi nane ni dakika 24, na huyo mwenye mapambano ishirini atafanya kitu kimoja tu: atakubali kupoteza raundi mbili za mwanzo huku anampiga mbavu na tumbo, anamlalia, anamkumbatia ili abebe uzito wake, afu raundi ya tano anaanza kazi. Dogo atakuwa anashangaa mbona mikono imekuwa mizito.

Kuna Mmarekani mmoja anaitwa Pete Rademacher, alichukua dhahabu ya uzito wa juu Melbourne 1956, akasema mimi sianzi chini. Pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa, Agosti 1957 kule Seattle, akapigana na Floyd Patterson kwa ubingwa wa dunia. Na raundi ya pili akamwangusha Patterson kweli! Halafu yeye akaangushwa mara saba, akamalizwa raundi ya sita. Kipaji kilikuwepo, hakuna aliyebisha.

Waliopanda ngazi taratibu ndo hawa: Anthony Joshua alikuwa na dhahabu ya London 2012, akaanza kulipwa 2013, mkanda wa dunia kauchukua pambano la 16 mwaka 2016. Oleksandr Usyk, dhahabu ya London hiyo hiyo, mkanda wake wa kwanza ulikuja pambano la 10, na Usyk ni mtu ambaye sidhani kama kuna anayebishia akili yake ya ulingoni. Kama hao hawakuruka ngazi, dogo wa Temeke anaruka ana haraka gani?

Kwaiyo mimi ningesema hivi. Mapambano ya raundi nne kwanza kadhaa, sita zifuate, na kabla hajagusa nane awe amezifanya gym, sio raundi nane za kucheza, raundi nane za sparingi (kupigana kwa mazoezi) ambazo kila baada ya raundi mbili analetewa mtu mpya ambaye hajachoka, hapo ndo utaona kocha kama ni kocha. Uzito nao waangalie. Ridhaa unapima asubuhi ya siku ya pambano, kwahiyo unapigana karibu na uzito wako halisi, kulipwa mnapima siku moja kabla, mwenzako anajikausha anapima afu usiku anakula anakunywa anarudi na kilo za ziada. Dogo akiendelea na mazoea ya ridhaa atakutana na mtu mkubwa kuliko yeye huku kwenye karatasi uzito ni mmoja.

Na kazi asiache. Hili nalisema kwa herufi kubwa ingawa nimeandika ndogo. Timu za jeshi, polisi na magereza ndo zinawalisha mabondia wetu wa ridhaa, kuna mshahara, kuna hospitali, na kuna watu wanaingia kulipwa bila kuvua gwanda, Selemani Kidunda aliyetuwakilisha London 2012 kapigana za kulipwa akiwa mtu wa JWTZ. Mwambie dogo aende kwa mkuu wake aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kusaini kitu chochote, afu mkataba usomwe na mtu asiyekula kwa promota: ni wa miaka mingapi, nani analipa vipimo vya kichwa na macho, nani analipa kambi, akiumia nani analipa hospitali, na je anaweza kukataa mpinzani. Hilo la mwisho mapromota hawalipendi kabisa, wewe ng'ang'ania hapo hapo. Leseni aichukue yeye mwenyewe TPBRC, kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa Tanzania, asichukuliwe na mtu.

SWALI: Kocha wa mtaa hapa Mwanza. Lomachenko wa Ukraine alishinda mapambano 396 ya ridhaa na kupoteza moja. Salido alimpigaje?

JIBU: Kocha mwenzangu swali zuri sana na lina utamu wake.

Machi 2014, San Antonio, Texas. Pambano la pili tu la kulipwa la Lomachenko na tayari anagombea mkanda wa WBO. Orlando Salido alikuwa ameshapoteza mara 12 huko nyuma, mzee wa shughuli kutoka Mexico. Kwanza hakutimiza uzito, akavuliwa mkanda kwenye mzani, na usiku wa pambano akapanda na ratili 147 wakati mwenzake ana 136. Hapo tu ameshashinda kitu. Pili akampiga chini ya mkanda weee, mwamuzi anaangalia tu. Ila tusimlaumu mwamuzi peke yake, Lomachenko alitumia raundi za mwanzo kumsoma mtu kama anavyosoma kitabu, akiwa na raundi 12 mbele yake akaona ana muda, kumbe zile raundi zinaandikwa. Alipokuja kuchangamka mwishoni, raundi ya 12 Salido alikuwa anayumba kabisa anamng'ang'ania asianguke, na kengele ikamwokoa. Majaji wawili kwa mmoja, Salido.

Cha kujifunza kwa vijana wako: Salido alikuwa anafanya uchafu wote ambao ridhaa mwamuzi angesimamisha mara kumi. Kulalia, kichwa, kiwiko, kumbana kwenye kamba. Wafundishe wakiwa kwenye kamba wafanyeje, waweke mkono wapi, wamzungushe vipi mtu. Juni mwaka huo huo Lomachenko akampiga Gary Russell Jr. akachukua mkanda pambano la tatu, akafikia rekodi ya kuuchukua kwa mapambano machache ya Saensak Muangsurin wa Thailand ya mwaka 1975. Kwahiyo kujirekebisha kunawezekana haraka, ila yule alikuwa na baba yake Anatoly pembeni tangu utotoni, na wa kwako ana wewe na mfuko wa mchanga uliochanika, kuwa na subira.

SWALI: Mbona ridhaa wanavaa hedigadi (kofia ya kukinga kichwa) na kulipwa hawavai? Na glavu ni zile zile?

JIBU: Wanaume wakubwa wa ridhaa waliivua tangu 2013, vijana na wanawake ndo wanavaa. Glavu hapana, kulipwa kuanzia uzito wa chini mpaka welter ni za aunsi 8, ridhaa zinaanzia 10. Na mkono wa kulipwa unafungwa kwa bandeji na plasta, unakaza kweli. Ngumi ile ile ya mtu yule yule inafika tofauti, mtu akiipokea mara ya kwanza anaangalia kona yake kama vile anauliza hii nini.

SWALI: Mzee, huku Nakuru vijana hawamjui Robert Wangila. Yeye kulipwa alifanikiwa? Mkenya msomaji

JIBU: Waambieni basi. Seoul 1988 uzito wa welter, fainali kamzimisha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, na mpaka leo ndo dhahabu pekee ya ngumi ya Kenya kwenye Olimpiki. Akaenda kulipwa Marekani, akashinda mengi kuliko aliyopoteza lakini ubingwa wa dunia hakuupata. Julai 1994 Las Vegas akapigana na David Gonzales, mwamuzi akasimamisha pambano raundi ya tisa, Wangila akalalamika kwamba bado anaweza. Baadaye usiku huo akapoteza fahamu na hakuamka tena. Ndo maana pale juu nimemwambia dada wa Temeke aulize nani analipa vipimo vya kichwa, sikuandika kujaza nafasi.

SWALI: Fupi tu anko. Bondia wa kulipwa akirudi Olimpiki si atawaua wale watoto?

JIBU: Walidhani hivyo hivyo. Rio 2016 ndo mara ya kwanza waliruhusiwa, wakaenda watatu tu. Hassan N'Dam wa Cameroon, bingwa wa zamani wa WBO uzito wa kati, alitoka pambano la kwanza tu mbele ya Mbrazil. Amnat Ruenroeng wa Thailand, naye bingwa wa dunia wa zamani, akashinda moja, la pili akasimamishwa na Mfaransa Sofiane Oumiha. Carmine Tommasone wa Italia vile vile, moja kashinda, la pili Mcuba kamtoa. Mtu wa kulipwa amezoea kuanza taratibu kama mwenye raundi kumi mbele, na huko ridhaa akija kushtuka dakika tisa zinaisha.