Kiwanja cha Watoto Msikimwagie Kabro

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Tumehamia Mishomoroni, nyumba yetu wenyewe alhamdulillahi, na nyuma tuna kiwanja kama futi arubaini kwa thalathini. Kuna mwarobaini mkubwa, mkungu, na mnazi mmoja kando ya ukuta. Upande mmoja mwamba umechomoza. Baba watoto ashamwita fundi apige hesabu ya kabro, yale matofali ya saruji ya kusakafia nje, kiwanja kizima, kisha tununue mtelezo wa plastiki kwa ajili ya pacha wetu wa miaka mitano. Mimi roho inasita. Kwetu Kilifi tulicheza mchangani kutwa. Lakini hapa nachelea nyoka, mbu na uchafu. Tufanyeje?
*Mama Pacha, Mishomoroni*

JIBU

Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto amsimamishe fundi kwanza. Nimesomesha chekechea hapa Mombasa mpaka nikastaafu, na viwanja vilivyosakafiwa nimeviona vingi: vinapendeza macho, na watoto wako ndani na simu. Kabro ya saa saba mchana wakati wa kaskazi haikanyagiki kwa mguu mtupu. Masika yakishuka, maji hayana pa kuzama, yanaufuata ukuta wa nyumba. Wekeni kabro penye gari na mlangoni. Nyuma paacheni.

Cha kwanza ambacho mtoto wa pwani anahitaji nje ni kivuli, na nyinyi mnacho. Mkungu hutandaza matawi yake tabaka juu ya tabaka, chini yake ndipo pa mchanga. Nunueni mchanga wa ujenzi, muuchekeche, mmwage kina cha futi moja, mzungushie vipande vya gogo la mnazi. Msiuchote ufukweni, una chumvi, na fukwe zetu zinalika vya kutosha. Usiku ufunikwe kwa turubai, maana paka hawaoni mchanga wakauacha, na kinyesi chao huacha minyoo.

Vyombo vya kuchezea unavyo jikoni. Vifuu, makumbi, sufuria kuukuu, upawa uliokatika mpini, maji ya kuoshea mchele. Najua maji kwetu ni ya kununua kwa mitungi, kwa hivyo beseni moja linatosha. Utaona pacha wako wanapika, wanajenga, wanagombana na kupatana bila wewe kunyanyua mdomo. Mtelezo wa plastiki una kazi moja, na wakishaijua wanauacha.

Na ule mwamba, nakuomba usiupasue. Ni meza yao ya kuvunjia kungu. Mtoto wa miaka mitano ukimpa kungu kavu na jiwe la kumtosha mkono, mara ya kwanza hupiga ovyo, ikaruka. Akaifuata. Akailaza tena, ikaruka tena. Kisha huanza kuigeuza vidoleni, akaisimamisha ubavu, akaishika kwa ncha za vidole na kupiga pole, mara mbili tatu, mpaka ikapasuka na ile kokwa nyembamba ikatoka nzima. Hapo amejifunza kupima nguvu za mkono wake, na mwalimu hakusema neno. Mikono kama hiyo ndiyo inayoshika penseli vizuri. Wewe ziba tu matundu makubwa ya mwamba kwa saruji, yasiwe makao ya nge.

Sasa hofu zako, na zina haki. Mbu ndiye wa kumwogopa zaidi. Mwisho wa 2017 kuingia 2018 Mombasa ilisumbuliwa na chikungunya, na mbu wake huuma mchana, saa zile zile za michezo. Hutaga kwenye maji yaliyotuama, hata yaliyobaki ndani ya kifuu. Kwa hivyo kila magharibi vifuu vyote vifudikizwe na beseni limwagwe. Wape pacha kazi hiyo iwe yao. Mkiweka matairi ya kurukia, yatobolewe chini au yajazwe mchanga.

Nyoka hufuata panya na mahali pa kujificha. Rundo la kuni, mawe ya ujenzi yaliyobaki, makuti makavu yaliyolala ukutani, vyote viondoke. Nyasi zifyekwe. Kagua ua pia: mnyaa ukikatika hutoa utomvu mweupe unaoweza kuunguza macho vibaya, na mbegu za mbarika zina sumu japo zinavutia kwa madoa yake. Ng'oeni.

Uchafu? Udongo haumchafui mtoto kwa namna isiyotoka kwa maji na sabuni. Tena nakusihi, usifagie kiwanja chote kila asubuhi kama tunavyofunzwa. Acha pembe moja majani yaoze. Jirani na kwenu, hapo Bamburi, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo ya simiti, mwamba mtupu usio na udongo. Mvinje ukashika, lakini majani yake yakawa hayaozi. Akaletwa jongoo wa miguu myekundu, akayatafuna majani, udongo ukaanza kufanyika. Leo pale ni Haller Park, pana twiga na viboko. Kazi hiyo hiyo jongoo wa pembeni mwenu anaifanya, na pacha wataikalia saa nzima wakimtazama anavyojikunja ukimgusa kwa kijiti. Wafunze kutofautisha: jongoo ni wa mviringo, mpole, hujiviringa. Tandu ni bapa, hukimbia, na huuma. Aliyeshika jongoo anawe mikono kabla ya kujifuta macho, maana majimaji yake huwasha.

Pembea muifunge kwenye tawi la mwarobaini lililo hai, lenye unene wa paja la mtu mzima, na chini yake mmwage mchanga kina kile kile cha futi moja. Chini ya kamba weka gunia isilikate gome. Kamba ya nailoni jua huila taratibu, kwa hivyo ikaguliwe na ibadilishwe ikianza kukauka na kutoa manyoya.

Mnazi ndio wa kushughulikia leo, kabla ya lolote. Mwiteni mkwezi aangue nazi na makuti makavu, na arudi kila zinapokomaa. Katikati ya shughuli hiyo watoto wawe ndani.

SWALI

Mwalimu, sisi tuko Majengo, ghorofa ya tatu, hatuna hata kibaraza. Watoto wetu ndio basi?
*Baba Salma*

JIBU

Hapana, baba. Nyumbani wape beseni la mchanga na ndoo ya kuoteshea kunde. Kunde huota upesi, hawachoki kungoja. Mara moja kwa wiki wapelekeni bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, kuna upepo na mibuyu ya kukumbatia wakishikana mikono. Na siku za bamvua, maji yakipwa mbali, shukeni nao ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi wakatazame kaa na konokono. Wavae viatu vya mpira, mwambani kuna viumbe wa miiba, na geukeni mara maji yanapoanza kujaa.