Majirani wanamwitaje mama yako?

Wiki hii mmeuliza: ni nini kilikusukuma kwenye kazi unayoifanya? Mimi ni asistanti sosiali hapa Goma, mashariki mwa Kongo; ofisa ustawi wa jamii kwa lugha ya vitabu. Watu hudhani niliingia kwa huruma. Huruma ninayo ya kawaida tu, kama yenu.

Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, nilikuwa na miaka sita. Lava iliingia mjini, nasi tukamiminika kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Katika msongamano ule mkono wa mama ukaniponyoka. Kila mtu mzima aliyenikuta aliniuliza, "Mama yako anaitwa nani?" Nikajibu, "Mama." Wakarudia kwa sauti kubwa zaidi, utadhani nilikuwa kiziwi.

Asubuhi akaja mwanamke mwenye daftari. Akachuchumaa mbele yangu. "Majirani wakimwita mama yako, wanasemaje?" Hilo nililijua: Mama Furaha, kwa jina la dada yangu mkubwa. Na sokoni anauza nini? Sombe, yale majani ya muhogo. Basi "Mama Furaha wa sombe" akapigiwa kelele kutoka kundi hadi kundi, na kabla ya jua kuzama mama alikuwa amenishika sikio. Alinichapa kwanza, kulia kukafuata.

Nilichokitaka tangu siku ile ni ule ujuzi wa kuuliza. Baba alitaka nisome sheria. Tulivutana mwaka mzima, tuyaache hayo. Wala nisijifanye malaika: niliyaona pia magari ya mashirika, nikadhani mshahara unalingana na ukubwa wa magurudumu. Haulingani. Mradi ukifungwa, mshahara nao unakwisha, ila watoto bado wanakuita njiani.

Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi akaamuru kartiye 10 za mji, yaani mitaa, zihame, nami nikajikuta Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, na daftari langu mwenyewe. Mtoto mmoja hakujua hata jina la mtaa wao. Nikamwuliza akiamka asubuhi husikia nini.

"Ndege."

"Za mtini au za chuma?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu afike. "Zile za kutetemesha sahani."

Tukaanza kuulizia kwa watu wanaokaa kando ya uwanja wa ndege. Shangazi yake tulimpata siku ya pili, kalala kwenye benchi la kanisa, kiatu kimoja cha mtoto kifuani.