Kombe la fedha la mbio za farasi: ni kweli lilitolewa na Earl (mtu mwenye cheo cha ukabaila Uingereza)?

Usitegemee maandishi peke yake, tazama taji lililochongwa juu ya ngao ya nembo ya ukoo. Kwa upande wa mbele, taji la Earl wa Uingereza huonyesha lulu 5 juu ya ncha ndefu, na majani ya stroberi katikati yake. Baron, cheo cha chini yake, ana lulu 4. Duke, cheo cha juu yake, ana majani 5, bila lulu.

Kisha mihuri iliyopigwa kwenye kombe: simba anayetembea ni fedha ya 92.5%, nanga ni ofisi ya ukaguzi ya mji wa Birmingham, herufi ni mwaka wa ukaguzi. Kichwa cha mfalme au malkia kinachotazama upande ni alama ya kodi, 1784 hadi 1890. Kifuniko chenye herufi tofauti na kombe huenda kimetoka kwingine. Tarehe ya mbio iliyochongwa kwenye kombe ikitangulia mwaka wa herufi, ipo kasoro. Na usilisugue sana, nakshi hufutika.